Ureno Ilivyoingia Vitani, na Lindi Ikawa Uwanja

Uwanda wa juu wa Rondo uko kaskazini mwa bonde la mto Lukuledi, mkoani Lindi. Ukiteremka kutoka Rondo kuelekea kusini unafika Mtama na Nyangao, kwenye barabara iendayo Masasi. Jirani na Nyangao ndiko kuliko Mahiwa, na hapo, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, yalipiganwa mapambano makali kuliko yote ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika Afrika Mashariki. Jeshi la Waingereza lilikuwa na watu wapatao 4,900. Kati yao, kiasi cha 2,700 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Upande wa Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ulikuwa na watu wapatao 1,500, nao ulipoteza zaidi ya 500. Walioanguka pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika: Wanaijeria na askari wa King's African Rifles kwa Mwingereza, askari wa koloni kwa Mjerumani.

Vita hivyo husimuliwa kama ugomvi wa wawili. Lakini kulikuwa na wa tatu, jirani aliyekaa ng'ambo ya mto Ruvuma, ambaye kwa mwaka mmoja na nusu hakutangaza vita. Huyo ni Mreno, mwenye Msumbiji. Bila kumfuatilia yeye hatuwezi kueleza vizuri kwa nini nchi ya Wamwera, Wamakonde na Wayao ilisagwa vile.

Mwaka 1914 si Ureno peke yake iliyotaka kukaa kando. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliruhusu makoloni ya ukanda mpana wa Afrika ya kati, kutoka pwani hadi pwani, yatangazwe kuwa hayaegemei upande wowote pindi mabwana zao wakipigana Ulaya. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, aliushika mkataba huo kwa mikono miwili na alitaka Dar es Salaam na Tanga zisiguswe. Lakini tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliipiga Dar es Salaam mizinga, na Lettow-Vorbeck naye hakutaka kusikia habari ya kukaa kando. Huko magharibi Ubelgiji iliomba Kongo iachwe nje, ombi ambalo lilikufa Wajerumani waliposhambulia upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika mwezi huohuo.

Msimamo wa Ureno ulikuwa wa ajabu zaidi. Tarehe 7 Agosti 1914 serikali ya Lisbon ililiambia bunge kwamba inasimama na rafiki yake wa zamani, Uingereza, lakini haikutangaza vita, wala haikutangaza kwamba haiegemei upande. Urafiki huo ulikuwa na mkataba wa tangu mwaka 1386. Uingereza yenyewe ndiyo iliyoipendelea Ureno ibaki katika hali hiyo ya katikati, kwa kuwa iliona jeshi dhaifu la Ureno lingekuwa mzigo kuliko msaada.

Ruvuma haukusubiri matangazo. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 1914, kikosi kutoka upande wa Wajerumani kilivuka mto na kuvamia kituo cha Wareno cha Maziwa. Sajini wa Kireno aliyekuwa mkuu wa kituo aliuawa na kituo kikachomwa moto. Ujerumani iliomba radhi. Hata hivyo Lisbon ilianza kupeleka askari Msumbiji.

Kwa nini basi ikaingia kabisa? Vitabu vingi hutaja meli, na ni kweli meli ndizo zilizowasha moto. Manyambizi ya Ujerumani yalikuwa yakizamisha meli nyingi za Uingereza, na katika bandari za Ureno zilikuwamo meli za Kijerumani zilizojificha tangu vita vianze. Uingereza ilimwomba rafiki yake azitwae. Tarehe 23 Februari 1916 wanamaji wa Kireno walipanda meli zilizotia nanga mtoni Tagus, Lisbon, na kuzishika. Tarehe 9 Machi Ujerumani ikatangaza vita.

Mimi siamini kwamba meli ndizo sababu. Mwaka 1898 Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimepatana kwa siri kwamba Ureno ikielemewa na madeni, makoloni yake yatagawanywa baina yao, na kaskazini ya Msumbiji ingeangukia kwa Mjerumani. Mazungumzo ya namna hiyo yalirudiwa hadi mwaka 1913. Huyo Mwingereza aliyeitwa rafiki alikuwa tayari kuuza mali ya rafiki yake. Tena Wareno hawakuwa wamesahau Kionga, kile kipembe cha ardhi kusini ya mdomo wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikitwaa mwaka 1894. Jamhuri ya Ureno, iliyozaliwa Oktoba 1910 baada ya mfalme kuondolewa, ilihofu kwamba vita vikiisha bila yake kuketi mezani, ramani ingechorwa upya na Msumbiji ikatwe. Kwa hiyo iliingia vitani kulinda ardhi ambayo haikuwa yake tangu mwanzo. Wamakonde wa Mueda, upande huohuo wa Msumbiji, hadi mwaka 1917 walikuwa bado hawajatiishwa na Mreno.

Mwezi huohuo wa Machi 1916, meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilipenya doria za Waingereza na kuingia ghuba ya Sudi, kusini ya mji wa Lindi. Ilileta mizinga, risasi na dawa. Shehena yote hiyo iliondoka pwani juu ya vichwa vya watu. Vita vya kusini vilibebwa hivyo, mzigo kwa mzigo, na wapagazi waliochukuliwa vijijini pamoja na mtama na mihogo yao. Vijiji hivyo vilikuwa vimetoka juzi tu katika Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ambapo misheni ya Nyangao ilichomwa moto na baadaye njaa ikafagia nchi.

Wareno walianza kwa urahisi. Aprili 1916 waliirudisha Kionga. Mwezi Mei walijaribu kuvuka Ruvuma wakashindwa, kisha tarehe 19 Septemba, chini ya Jenerali Ferreira Gil, wakavuka. Mwezi huohuo Waingereza walishuka Kilwa na Lindi kutoka baharini, na kwenye ramani Mjerumani akaonekana amezingirwa.

Oktoba Wareno waliingia boma la Newala. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji hayapo juu; yapo chini ya mteremko, na kila mtu wa huko anajua uchungu wa kuyapandisha. Kikosi cha Wajerumani kiliongozwa na Max Looff, nahodha wa ile manowari Königsberg iliyoishia Rufiji mwaka 1915. Kilikamata chemchemi, kikalizingira boma. Kiu iliwatoa Wareno: mwisho wa Novemba walitoroka usiku na kurudi ng'ambo ya mto. Askari wao waliotoka Ulaya walikufa zaidi kwa malaria na kuhara kuliko kwa risasi.

Baada ya Mahiwa, Lettow-Vorbeck hakuwa na chakula wala risasi za kutosha, na Waingereza walimkaba kutoka Lindi na Kilwa. Alitafuta upande dhaifu, akaupata kwa Mreno. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma na kuwavamia Wareno Ngomano, mahali mto Lugenda unapoingia Ruvuma. Kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa, na bunduki mpya pamoja na risasi chungu nzima zikaangukia mikononi mwa Mjerumani. Kwa miezi kumi aliizunguka Msumbiji akila mazao ya wakulima wake, na Julai 1918 akafika Nhamacurra, si mbali na Quelimane. Nchi iliyoingia vitani ili Msumbiji isiguswe ilifungua Msumbiji yote.

Ukosefu wa haki wa jambo hili haupaswi kufunikwa na sifa za majenerali. Mkulima aliyeishi kati ya Rondo na Newala hakuulizwa na Berlin, London wala Lisbon. Kwake hapakuwapo kuegemea wala kutoegemea. Palikuwapo kubeba mzigo, kutoa chakula au kukimbilia msituni. Wapagazi waliokufa wakiwatumikia Waingereza peke yao wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi bila jina wala kaburi lililowekwa alama.

Mwaka 1919, katika makubaliano ya Versailles, Tanganyika ilikwenda kwa Mwingereza, na Ureno ikathibitishiwa Kionga. Mpaka huo haujasogezwa tena: Kionga hadi leo iko Cabo Delgado, Msumbiji.