Ukoma ndani ya kinywa: namna gani unagusa kaakaa na ulimi

Watu wengi wanajua ukoma kama ugonjwa wa ngozi na vidole. Lakini unaweza kufika mpaka ndani ya kinywa, na mara nyingi mugonjwa hajui, juu hauumi.

Ukoma unaletwa na mikrobi ambayo muganga wa Norwe, Gerhard Armauer Hansen, aligundua mwaka 1873. Mikrobi hiyo inapenda sehemu za mwili zenye kupoa: ngozi, masikio, pua. Kinywa kina joto, njo maana kinaguswa kwa kuchelewa, zaidi kwa mwenye ukoma wa mikrobi mingi ambaye hakutunzwa. Pua ikiziba, anapumua kwa kinywa. Hewa inapoza kaakaa, na mikrobi inapata makao.

Alama ni hizi:

Kaakaa: vinundu, kisha vidonda. Kaakaa ikitoboka, maji na chakula vinatokea puani, na sauti inabadilika.

Ulimi: vinundu ao mipasuko, zaidi upande wa mbele.

Meno: mfupa wa taya la juu unaisha pole pole, meno ya mbele yanalegea.

Midomo: mishipa ya fahamu ikiharibika, midomo haifungike vizuri. Mutu anaweza kuungua na chakula cha moto bila kusikia.

Vidonda vya kinywa vinaletwa pia na magonjwa mengine. Muganga peke yake njo anaweza kusema ni nini. Alama ya kwanza ya ukoma kwa kawaida ni doa kwenye ngozi lisilosikia kitu.

Wengine bado wanasema ni kulogwa. Hapana. Ukoma unapita kwa matone ya pua na kinywa cha mugonjwa asiyetunzwa, mkikaa karibu kwa muda mrefu. Kusalimiana kwa mkono ao kula pamoja haviambukize.

Dawa ipo, na ni ya bure: miezi 6 kwa ukoma wa mikrobi kidogo, 12 kwa ule wa mikrobi mingi. Moja kati ya dawa hizo inageuza mate na mkojo kuwa na rangi nyekundu. Usiogope, usiache kumeza. Dawa inaua mikrobi, lakini kaakaa yenye kutoboka haijifunge yenyewe.

Kwa hiyo, ukiona doa lisilosikia, kwako ao kwa mtoto, nenda kituo cha afya mapema, mbele kinywa hakijaguswa.