Mihadhara ya elimu endelevu ya madaktari nchini Kenya

Mihadhara ya elimu endelevu ya madaktari ni vikao vya mafunzo vinavyofanyika hospitalini kwa ajili ya madaktari waliokwisha kuhitimu na wanaoendelea na kazi. Nchini Kenya vikao hivyo hufanyika katika hospitali za umma za ngazi mbalimbali, kuanzia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi hadi hospitali za kaunti. Maafisa wa kliniki, wauguzi na wafamasia pia huhudhuria.

Haja yake inaonekana wazi katika tiba ya malaria kali. Kwa miaka mingi mtoto aliyelazwa kwa ugonjwa huo alipewa kwinini. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, kwa watoto 5,425. Kati ya waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na kati ya waliopewa atesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti kwa watoto. Daktari aliyehitimu kabla ya hapo alikuwa amefundishwa dawa nyingine, tena yenye namna tofauti ya kukokotoa dozi.

Sheria na pointi

Madaktari husajiliwa chini ya sheria iliyo katika sura ya 253 ya sheria za Kenya. Msimamizi ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo hadi mwaka 2019 liliitwa bodi. Anayetaka kuhuisha leseni yake ya kila mwaka hutakiwa kuwa amekusanya pointi 50 za elimu endelevu. Pointi hupatikana kwa kuhudhuria mihadhara, makongamano na kozi zilizoidhinishwa.

Kwa sababu hiyo karatasi ya mahudhurio ina uzito wake. Inathibitisha kwamba daktari alikuwepo ukumbini. Haionyeshi kama alibadilisha chochote wadini.

Uendeshaji

Kikao cha kawaida huchukua muda wa saa moja hivi, asubuhi kabla ya mzunguko wa wadi au wakati wa chakula cha mchana. Mara nyingi daktari mwanagenzi au daktari wa idara hueleza habari za mgonjwa mmoja bila kumtaja jina, kisha bingwa husahihisha na kuongeza. Aina nyingine ni kikao cha kupitia vifo vilivyotokea idarani. Hicho ni kigumu zaidi, maana waliohusika wamo chumbani, lakini ndipo makosa ya hospitali yenyewe yanapozungumzwa.

Je, mihadhara inatosha?

Swali hili lilipimwa nchini Kenya katika hospitali 8 za wilaya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Hospitali zote zilipewa miongozo ya kutibu watoto waliolazwa. Nne kati yake, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zilipata mafunzo ya vitendo ya siku tano na nusu yanayoitwa ETAT+, mwezeshaji aliyekaa hospitalini, na usimamizi wa mara kwa mara. Nne nyingine zilipata semina ya mihadhara ya siku moja na nusu, na baadaye taarifa za ukaguzi kwa maandishi tu.

Baada ya miezi 18 tofauti ilikuwa kubwa. Dozi ya kwanza ya kwinini, ambayo huwa kubwa kuliko zinazofuata, ilitolewa kwa asilimia 91.9 ya watoto waliostahili katika kundi la kwanza, na asilimia 66.7 katika kundi la mihadhara. Kwa watoto walioishiwa sana maji mwilini, kiasi sahihi cha maji ya kutiwa mshipani kiliandikwa kwa asilimia 67.2 dhidi ya 40.6. Dozi pungufu ya gentamisini ilikuwa asilimia 2.2 dhidi ya 9.0.

Haifai kusoma takwimu hizo kana kwamba mhadhara hauna kazi. Kundi la kwanza lilipata mambo mengi kwa pamoja, na utafiti haukuyatenganisha. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuta kwamba mikutano ya mafunzo huboresha utendaji kwa takriban asilimia 6. Ni kidogo, lakini kipo.

Uhamisho wa watumishi

Hospitali za umma hubadilisha watumishi mara kwa mara. Madaktari wanagenzi hukaa mwaka mmoja tu, na ndani ya mwaka huo huzunguka idara kadhaa, hivyo aliyefundishwa katika wadi ya watoto huenda miezi michache baadaye yuko chumba cha upasuaji. Mafunzo ya ETAT+ yaliingizwa pia katika masomo ya wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ili wafike hospitalini wakiwa wameshayapata. Yamefundishwa vilevile nchini Rwanda.