Nakala na Mwenyewe: Habari za Maduka ya Kukodisha Sinema

Watu husema kwamba maduka ya kukodisha sinema yaliuawa na intaneti. Maneno hayo ni kweli, lakini hayaelezi kwa nini msiba huo uwahusu wapenzi wa historia. Ili kulifahamu jambo hili yatupasa tuanze na kesi ya kitabu.

Katika mwaka wa 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ilihukumu shauri la mchapishaji aliyepiga chapa ndani ya riwaya onyo kwamba isiuzwe chini ya dola moja. Wenye duka la Macy's, mjini New York, waliiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema kwamba mchapishaji akisha kukiuza kitabu hana amri tena juu ya bei ya nakala ile. Na mwaka uliofuata kanuni hiyo ikatiwa katika sheria. Kanuni hiyo ndiyo iliyozaa maduka ya video. Mwaka 1977 kampuni ya Magnetic Video ilitoa katika kanda sinema 50 za Twentieth Century-Fox, kila moja kwa dola kama 50. Mwisho wa mwaka ule George Atkinson alifungua duka Los Angeles, akazikodisha. Hakuhitaji ruhusa ya studio, kwani kanda alizozinunua zilikuwa mali yake.

Mwenye duka wa namna hii hakukusudia kuhifadhi historia, alitaka fedha. Walakini, kwa kuwa nakala ilikuwa yake, sinema iliyosahauliwa na watengenezaji ilibaki rafuni, na nyingine hazikupata kamwe kuhamishwa kutoka kanda hadi diski. Miswada mingi ya tenzi za pwani yetu ilisalimika vivyo hivyo, makashani mwa watu, pasipo amri ya idara yoyote. Leo mtazamaji wa sinema za intaneti hulipia ruhusa ya kutazama tu. Mkataba wa kampuni ukiisha, sinema huondolewa, na kanuni ya 1908 haimfai kitu, maana hakuna nakala aliyouziwa.

Kufilisika kwa Blockbuster mwaka 2010 kulitangazwa sana, ingawa kampuni hiyo, iliyopata kuwa na maduka zaidi ya 9,000, ilipenda kujaza rafu zake sinema mpya tu. Mimi naona hasara kubwa zaidi ilikuwa ya maduka madogo. Yongman Kim, Mkorea aliyehamia New York, alianza kukodisha kanda katika duka lake la udobi, akafikia kuwa na sinema 55,000, nyingi zikiwa adimu. Mwaka 2008 alitangaza kwamba atampa mkusanyo wote yeyote atakayeutunza bila kuugawa na kuwaruhusu wanachama wake wautumie. Aliyekubaliwa ni mji wa Salemi, huko Sicily, uliovunjwa na tetemeko la ardhi mwaka 1968 na uliotamani kufufuka kwa njia ya sanaa.

Basi mali ikapata mwenyewe, wala sheria haikuvunjwa. Lakini kwa miaka mingi kanda zile zilikaa zimefungiwa, mbali na watu waliozijua kwa majina. Ziliporudi New York mwaka 2022 na kuwekwa katika jumba la sinema la Alamo Drafthouse, Manhattan, watu walianza tena kuzikodi.