Karatasi Inayomsikiliza Mgonjwa: Miaka 30 ya Hojaji ya Mkono

Mwaka 2026 hojaji iitwayo DASH inatimiza miaka 30. Ni karatasi ya maswali 30 anayopewa mtu mwenye maradhi ya bega, mkono au kiganja ili ajieleze mwenyewe. Je, unaweza kufungua kopo lenye kifuniko kilichokaza? Kuzungusha ufunguo? Kukata chakula kwa kisu? Jibu la 1 ni hakuna taabu, la 5 ni siwezi kabisa. Mwishoni hupatikana alama kati ya 0 na 100, na kadiri inavyopanda ndivyo mkono ulivyo taabani.

Kwa mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura, jambo hili si la madaktari peke yao. Huku watu wanakula kwa jasho la mikono: fundi cherehani, fundi magari, mpakuzi wa mizigo, mama muuza chakula. Kidole kikikatika mshipa, picha ya eksirei inaweza kuonyesha mifupa iliyonyooka vizuri huku mwenye kidole hawezi kushika sindano.

Miongo mingi kabla ya DASH, wazo la kumfuatilia mgonjwa baada ya kisu lilimgharimu sana mtu mmoja. Ernest Amory Codman, daktari wa upasuaji wa Boston aliyezaliwa mwaka 1869, alitaka kila mgonjwa awe na kadi yake: alikuja na nini, alifanyiwa nini, na mwaka mmoja baadaye yuko katika hali gani. Kama hakupona, kadi iseme kwa nini, na kosa la daktari litajwe kuwa kosa la daktari.

Wenzake hawakupenda. Katika hospitali alikofanya kazi, Massachusetts General Hospital, watu walipandishwa cheo kwa miaka ya utumishi, na Codman akajiuzulu mwaka 1914 kupinga utaratibu huo. Kwa maelezo yake mwenyewe, mara tu baada ya kujiuzulu aliomba ukuu wa upasuaji hapo hapo, kwa hoja kwamba matokeo yake yalikuwa bora kuliko ya wengine.

Kisha ikaja Januari 6, 1915. Codman aliitisha mkutano wa madaktari, akamwalika hata meya wa jiji, James Curley, na mwishoni akafunua katuni kubwa. Ilimwonyesha mbuni aliyefukia kichwa mchangani, akiwarushia madaktari mayai ya dhahabu. Mbuni huyo aliwakilisha matajiri wa Boston, wanaolipa bila kuuliza kama wamepona. Ukumbi ukachafuka. Codman akapoteza uenyekiti wa kitengo cha upasuaji cha chama cha madaktari wa huko na kazi yake ya kufundisha Harvard. Hakurudi nyuma. Katika hospitali yake ndogo aliandika habari za wagonjwa 337 walioruhusiwa kati ya 1911 na 1916, akakiri makosa 123 na kuyachapisha. Alifariki mwaka 1940, na kaburi lake likakaa bila jiwe la jina hadi 2014.

Hata hivyo kadi ya Codman ilijazwa na daktari. Kalamu ilimfikia mgonjwa wa mkono miaka ya 1990: hojaji ya Boston ya ganzi ya vidole mwaka 1993, DASH mwaka 1996 kwa ushirikiano wa watafiti wa Toronto na madaktari wa mifupa wa Marekani, kisha mwaka 1998 PRWE ya kifundo cha mkono, na hojaji ya Michigan iliyotungwa na Kevin Chung. Ile fupi ya QuickDASH, maswali 11, ikafuata mwaka 2005.

Ukizilinganisha, tofauti zake zinagusa maisha ya hapa. DASH haijali ni mkono upi uliofanya kazi. Muhimu kazi imefanyika. Mtu aliyepoteza nguvu za mkono wa kulia akimudu shughuli zake kwa wa kushoto, atapata alama nzuri. Lakini kwa Mwislamu wa Asiatique au Buyenzi, kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu ni fedheha ambayo alama hiyo haiioni. Hojaji ya Michigan inauliza kila mkono peke yake, na inauliza pia kama mwenye mkono anaridhika na sura yake. Kwa sababu hiyo inafaa zaidi huku, ingawa ni ndefu.

Kuna tatizo jingine. DASH haihesabiki majibu yakikosekana zaidi ya matatu. Sasa mpe mama wa sokoni karatasi hiyo. Kuna maswali matatu ya burudani, yenye mifano kama gofu, tenisi na kufuma. Kuna la kubadilisha balbu ya juu. Kuna la tendo la ndoa, ambalo wengi watalikwepa mbele ya karani anayewasomea maswali. Akiyaacha yote matano, karatasi yake haina alama.

Kutafsiri maneno peke yake hakutoshi. Watafiti wa Tanzania na wenzao walionyesha njia: hojaji ya afya kwa jumla, SF-36, ilitafsiriwa kwa Kiswahili, ikapimwa kwa wakazi wa Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Mkono unastahili kazi ya namna hiyo, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, yenye maswali ya kusonga ugali, kukamua nguo, kutia udhu, kushika spana. Vyuo vya udaktari vya Bujumbura vinaweza kuianza kwa kuwauliza mafundi wa Asiatique wenyewe ni kazi gani ya mkono wasiyoweza kuishi bila hiyo.