Kolwezi: Waya za shaba, intaneti ya nyumba na kijana anayecheza

Kijana wa Manika au Dilala anayecheza Free Fire ama eFootball anajua jambo ambalo mabango ya kampuni za simu hayasemi: mega zinaweza kuwa nyingi, na bado mchezaji wake akafa kabla kidole hakijagusa kioo. Mzazi anaona feza imekwisha. Kijana anaona ameshindwa na mtu asiyemzidi ujuzi. Wote wawili wana haki ya kuuliza feza ya nyumba inanunua nini, na jibu liko katika historia ya waya zilizofika Kolwezi.

Mji huu ulijengwa na Union Minière katika miaka ya 1930, na tangu hapo karibu kila waya ulikuja kwa ajili ya shaba kwanza. Bwawa la Nzilo, mwaka 1952, lilitoa umeme kwa viwanda. Laini kubwa ya kutoka Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilimalizika mwaka 1982 na kufikia hapa hapa Kolwezi. Ilipita juu ya vijiji vingi bila kuviachia hata taa moja. Watu wa vijiji hivyo walibaki na koroboi, huku umeme ukiruka vichwa vyao kwenda kuyeyusha madini. Jambo hilo lifaa kukumbukwa, kwa sababu intaneti nayo imefuata mwendo uleule: nguzo ikipita mbele ya mlango haina maana kwamba nyumba imeunganishwa.

Sauti za watu zilikuwa na njia nyingine. Baada ya vita vya Mei 1978, na tena mwaka 1992 na 1993 wakati familia za asili ya Kasai zilipofukuzwa na kulala siku nyingi kwenye vituo vya treni, habari za ndugu zilipita kwa fonie, kwa barua za mkononi, na kwa matangazo ya redio. Telecel ilianza Kinshasa mwaka 1986, lakini simu yake ilikuwa ya wakubwa na matajiri. Celtel ilikuja mwaka 2000, Vodacom mwaka 2002, ndipo mama wa sokoni akashika simu.

Intaneti ya kwanza ilitoka mbinguni, kwa sahani kubwa za satelaiti kwenye ofisi na kwenye sibere. Satelaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu ya dunia. Ujumbe kupanda, kushuka, na jibu kurudi kwa njia ileile huchukua karibu nusu sekunde, hata zaidi. Kwa barua pepe haidhuru. Kwa mchezo wa mpira, goli limekwisha kuingia.

Mwaka 2013 Kongo iliunganishwa na waya wa baharini wa WACS kule Muanda. Mwaka 2018 zikaja antena za 4G. Julai 2021 Facebook na Liquid zikatangaza mradi wa kilomita 2,000 hivi za nyuzi za kioo, zile tunazoita fibre, kuvuka nchi kutoka upande wa Atlantiki kuelekea mashariki. Upande wetu wa kusini, mlango mwingine ni Kasumbalesa, kupitia Zambia. Waya wa baharini nao una adui wake, tena ndugu yetu: Januari 2020 mafuriko ya mto Kongo yalisukuma matope chini ya bahari kwa zaidi ya kilomita 1,000 na kukata waya. Agosti 2023 matope yaliporomoka tena palepale, WACS na SAT-3 zikakatika. Mto huo, huku juu, ndio Lualaba.

Hapo ndipo mchezo unapoeleweka. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga huenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Johannesburg, ambako michezo kadhaa ina seva zake, ni kama kilomita 1,700 kutoka Kolwezi ukipima moja kwa moja. Paris ni karibu 7,000. Kwenda na kurudi Johannesburg kungeweza kuchukua milisekunde ishirini hivi kama waya ungenyooka, na Paris sabini. Waya haunyooki, kwa hiyo hesabu halisi ni kubwa zaidi. Muda huo ndio wachezaji wanaita pingi. Ikikaa chini ya 80, mchezo unaenda. Ikipita 150, kijana anaanza kulaumu simu yake. Mbaya kuliko zote ni pingi inayorukaruka, sasa 60, sasa 400, kwa sababu antena ya mtaa imelemewa na watu jioni.

Kwa hiyo forfe yenye mwendo mkubwa si lazima iwe bora. Mchezo wenyewe hula mega makumi, au mia chache, kwa saa. Kinachomaliza forfe ni masasisho, ambayo huweza kupita giga kadhaa kwa mara moja, na video za watu wengine wa nyumba. Mwenye feza kidogo afanye hivi: aazime kadi za kampuni mbili au tatu kwa majirani, apime pingi ndani ya nyumba yake mwenyewe, saa mbili za usiku, si saa nne asubuhi. Halafu aulize tarehe ya mega kuisha, na kama kuna forfe ya usiku ya kupakulia masasisho. Betri ndogo ya modemu pia iingie kwenye hesabu, maana delestaje ikifika fibre na 4G zote ni sawa. Na serikali ikifunga mtandao, kama tangu tarehe 31 Desemba 2018 kwa karibu siku ishirini, hakuna forfe itakayosaidia.

Fibre, pale inapofika, ndiyo yenye pingi tulivu. Lakini ina swali ambalo wakaaji wa Kolwezi hawawezi kulikwepa. Mwaka 2017 familia nyingi za Kasulo zilihamishwa kupisha uchimbaji. Mwaka 2023 Amnesty International na shirika la hapa hapa, IBGDH, zilitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa sababu ya migodi, na Cité Gécamines ilikuwemo. Anayelipa gharama ya kuvutiwa waya ukutani analipa kwa ajili ya ukuta huo. Familia isiyojua kama mwaka kesho itakuwa palepale, na ile iliyokuja kutoka mashariki na kupanga chumba kimoja, inafaa kununua modemu ya 4G inayobebeka mfukoni, hata kama pingi yake ni mbaya kidogo.

Starlink ilikatazwa Machi 2024, ikaruhusiwa Mei 2025. Satelaiti zake ziko chini, karibu kilomita 550, kwa hiyo ucheleweshaji wa zamani haupo, na sahani inaweza kufungwa na kupakiwa pamoja na magodoro. Bei ya kifaa ndiyo ngumu kwa nyumba moja. Kabla nyumba tatu za ua mmoja hazijachanga, zikubaliane kwa maandishi sahani itabaki na nani siku moja wao atakapoambiwa ahame.