Kamiriithu: Kitabu Kiliachwa, Jukwaa Likabomolewa

Wiki jana mhariri alinituma kwenye hoteli moja hapa Nairobi kuripoti uzinduzi wa mradi wa "kupeleka maigizo kwa wananchi". Chai ilikuwa nzuri, hotuba zote zilikuwa kwa Kiingereza, na mwananchi mwenyewe sikumwona, labda yule aliyekuwa akitumiminia hiyo chai. Nikiwa kwenye matatu kurudi ofisini nikaikumbuka Kamiriithu.

Wengi wetu tuliisoma chuoni kama aya moja tu katika maisha ya Ngũgĩ wa Thiong'o: aliandika mchezo, akatiwa kizuizini. Sehemu tamu kuliko zote huachwa, yaani mazoezi.

Kamiriithu iko Limuru. Ilianza miaka ya 1950 kama kijiji cha hali ya hatari, Waingereza walipowakusanya watu ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1976 wanakijiji walianzisha kituo cha elimu na utamaduni, wakaanza na kisomo cha watu wazima. Kisha Ngũgĩ na mwenzake Ngũgĩ wa Mirii wakaandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda (kwa Kiswahili Nitaolewa Nikipenda). Ni habari za Kĩgũũnda, mtu wa ekari moja na nusu, na jinsi ardhi hiyo inavyoishia mikononi mwa tajiri Kĩoi.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Mswada ulisomwa mbele ya kijiji kizima, na kijiji kikausahihisha! Wazee walirekebisha nyimbo na desturi. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza kazi ya huko inavyokwenda. Bunduki za bandia zilitengenezwa na mtu yuleyule aliyekuwa akiwatengenezea Mau Mau bunduki za kweli. Mazoezi yalifanyika wazi, Jumamosi na Jumapili, ili mwenye kibarua asiachwe nje, na asiyejua kusoma alishika maneno kwa kusikia. Ukumbi usio na paa, wa watu zaidi ya 2,000, waliujenga wenyewe. Siku ya ufunguzi, tarehe 2 Oktoba 1977, wapo watazamaji waliojua maneno sawa na waigizaji.

Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akakaa Kamiti bila kushtakiwa hadi Desemba 1978.

Lakini hebu tazama: mwaka 1980 mchezo huohuo ulichapishwa kama kitabu, ukauzwa madukani. Maneno ni yaleyale. Kwa hiyo mimi siamini kwamba kilichoogopwa ni maneno. Mwaka 1982 kikundi kilipojaribu tena, kwa mchezo wa Maitũ Njugĩra, Ukumbi wa Kitaifa ulifungwa mbele yao. Tarehe 12 Machi polisi walifika Kamiriithu wakaubomoa ule ukumbi wa wanakijiji.

Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani mwaka 2022, safari hii katika Ukumbi wa Kitaifa wenyewe, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Ngũgĩ alifariki Marekani mwaka 2025.

Nilisahau kusema: pale hotelini niliuliza mchezo wa kwanza wa mradi unaandikwa na nani. Nikaambiwa mshauri ameshaajiriwa, na wananchi watauona ukiwa tayari.