Mama wa kwenye filamu na sauti isiyo yake (Sehemu ya 6)

Nesi wenu wa Bungu nimerudi. Leo ratiba ya chanjo tuiweke kando kidogo, niwape historia ya milima yetu hii hii. Mwisho tutarudi kliniki, msiwe na wasiwasi.

Je, ulishawahi kusikia kwamba Vugiri, hapa hapa Korogwe, palikuwa na kambi ya kutengenezea filamu? Ndiyo, Vugiri hii hii unayoijua.

Mwaka 1935, enzi za Mwingereza, ulianza mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zake nyingi zilitoka Marekani, kwa Carnegie Corporation ya New York. Msimamizi alikuwa Major L. A. Notcutt, na upande wa elimu alikuwa G. C. Latham. Mpaka mradi unafungwa mwaka 1937, zilikuwa zimetoka filamu 35, na waigizaji walikuwa Waafrika. Zilihusu kodi, kuweka akiba posta, mmomonyoko wa udongo, safura. Moja iliitwa Infant Malaria, yaani malaria ya watoto wachanga. Hiyo ndiyo iliyonishika mimi kama nesi.

Sasa sikiliza walivyofanya upande wa sauti. Kamera ilichukua picha tu, haikuchukua sauti. Maneno yalirekodiwa pembeni kwenye santuri. Siku ya kuonyesha, watu wamekaa uwanjani usiku, projekta inazunguka huku, na santuri inazunguka kule. Sindano ikiruka au santuri ikichelewa kidogo, basi bwana, maneno na picha vinapishana.

Walichagua njia hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi kwa gharama, na pia lugha zilikuwa nyingi. Picha ile ile ungeiwekea santuri ya Kiswahili huku kwetu, halafu ukaiwekea ya Kikikuyu Kenya, na ya Kiganda Uganda.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwanamke aliyesimama mbele ya kamera ile. Anainama juu ya mtoto, anafungua mdomo, lakini anachosema hakifiki popote. Inabidi mikono, macho na mabega vifanye kazi yote. Halafu mtu mwingine kabisa, ambaye pengine hata hakuwepo siku ile, anakuja kueleza huyu mama anafanya nini na kakosea wapi. Sauti ikimkaripia, tunamwona mzembe. Sauti ikimhurumia, tunamwona jasiri. Sura ni ile ile, mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni sauti tu.

Msidhani sauti ya kuazima ni mbaya siku zote. Bibi zetu waliokuwa wakishuka Tanga mjini wanazikumbuka sinema za Kihindi. Kwenye Mother India ya mwaka 1957, Nargis anacheza mama anayehangaika na wanawe, na akifika kwenye wimbo, sauti unayoisikia ni ya Lata Mangeshkar. Wimbo ulirekodiwa kwanza studio, kisha Nargis akausikiliza mbele ya kamera na kufuatisha midomo, pumzi na machozi. Pale sauti ilimbeba mama, ilitoa kilichokuwa moyoni mwake. Watu walielewa hata kama Kihindi hawakijui.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu kila wiki naiona ile filamu ya Vugiri mezani kwangu. Mama kaja na mtoto ana homa. Namuuliza, "Mwanangu, homa imeanza lini?" Kabla hajajibu, aliyemsindikiza anajibu: "Jana tu, nesi." Mama anaangalia chini. Nikimchukua pembeni kupima uzito, ananong'ona: "Leo siku ya tatu, mama."

Siku tatu na jana si kitu kimoja, jamani. Kwa malaria ya mtoto mdogo, hiyo tofauti inaweza kuwa uhai.

Mama mkwe, baba, shangazi, njooni, tunawahitaji sana. Ila muwe kama Lata: mbebeni, msimfunike. Na wewe mama, wewe ndiye uliyekesha naye. Homa ikianza, mlete siku hiyo hiyo apimwe, usingoje. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea haamki vizuri, usisubiri hata dakika, iwe usiku au mchana. Na ukifika, sema mwenyewe.

Tuambiane hapo chini: bibi yako alikusimulia nini kuhusu sinema za zamani? Jumamosi tutaendelea, Mungu akipenda. Busu kwa watoto.